Upande Wenye Alama

Jana jioni nilifungua sanduku langu hapa bwenini kutafuta soksi, na kabla sijashika hata moja, wasichana watatu walikuwa wameshainua pua.

"Nani ameficha asali?" akauliza yule wa kitanda cha juu yangu. "Ni wewe, mnyamavu! Toa tugawane, usiwe mchoyo."

"Si asali."

"Na mbona inanuka asali?"

"Ni nta. Na moshi kidogo. Asali yenyewe iliisha zamani."

Wakachungulia. Wakaona kitu cha mbao, cha mviringo, kinene katikati na chembamba pembeni, kimezungushiwa ukanda wa chuma, tena kina matundu matatu yaliyoungua kama macho. Mmoja akasema ni kifuniko cha chungu. Mwingine akarudi nyuma akasema hayo ni mambo ya waganga, nisimlaze chumba kimoja na uganga. Nikawaambia ni kisahani, kile cha kurusha kwenye michezo. Wakacheka mpaka msimamizi wa bweni akagonga mlango, kwa sababu wananijua: mimi mpira ukija upande wangu huwa naupisha kama mtu mzima anayepita njiani.

Sikuwaeleza zaidi. Mimi maneno hunijia saa mbili baada ya watu kuondoka. Ndiyo maana huwa naandika.

Harufu hiyo hunirudisha Siakago, nilipokuwa darasa la sita na naishi na guka, babu yangu mzaa mama. Mama alikuwa ameajiriwa Embu mjini na alikuja mwisho wa mwezi na mkate na maswali. Siku zingine zote tulikuwa wawili, mimi na guka, pamoja na mbuzi tisa na mizinga. Nyanya alifariki kabla sijazaliwa na jina lake nikapewa mimi, kwa hivyo kwa desturi ya kwetu guka aliniita "mke wangu." Asubuhi alikuwa akiketi mlangoni na kuniita, "Mke wangu, uji umeiva au umenikasirikia leo?" nami nilikuwa nikiona haya hata kama tuko peke yetu.

Guka alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilikuwa ya magogo ya mukau, mti wetu wa huku chini kwenye joto, mgumu na usioliwa na mchwa. Gogo linachongwa likawa wazi ndani, kisha kila mwisho unazibwa kwa kifuniko cha mbao cha mviringo. Kifuniko cha mbele kina matundu ya nyuki kupitia, na juu yake kinachongwa alama ya mwenye mzinga. Alama hiyo ndiyo kila kitu. Mzinga unaweza kuning'inia kwenye mti wa mtu mwingine, mbali na nyumbani, miaka na miaka, na hakuna anayeugusa, kwa sababu una alama. Guka alikuwa akisema mtu akiiba kuku ni mwizi, lakini mtu akigusa mzinga wenye alama ya mwenzake, huyo hana jina.

Mwaka ule macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli, na mimi kama kitu kirefu chembamba kinachosonga. Hakuweza kuchonga tena. Basi nyegere akaja, akapanda kwenye mgunga ulioko nyuma ya kiwanja cha shule, akang'oa kifuniko cha mzinga wake bora, akala alichokula, na nyuki wakahama. Guka hakulalamika. Aliketi tu na vipande vya kifuniko mapajani, anavipapasa, na kwa siku kadhaa hakuniita mke wangu. Hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Sasa, Bruda Otavio.

Kwenye misheni yetu kulikuwa na Bruda mmoja kutoka Italia, mzee mwenye kipara na mkono wa kulia uliokuwa mnene kuliko wa kushoto, utadhani ameazima kutoka kwa mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa pampu za maji. Pampu ikifa popote, hata mbali kule bondeni, watu walisema, "Mwite Bruda," naye alikuja na pikipiki yake, akalala chini ya chuma, akatoka akiwa mweusi kuliko sisi. Alisema Kiswahili cha haraka, kilichopanda na kushuka kama njia ya mlimani.

Kila jioni, jua likiwa limepoa, Bruda alikuja peke yake kwenye kiwanja cha shule. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi pembeni, nimejificha kwenye vichaka kama kawaida yangu. Alipigilia kijiti chini, akafunga kamba, akazunguka nayo huku akimwaga majivu ya jikoni kutoka kwenye kopo mpaka duara jeupe likatokea. Kisha akaingia ndani ya duara, akainama, akasimama kimya kama mtu anayesali. Halafu akajizungusha ghafla, mzima, na kutoka mkononi mwake kikaruka kifuniko cha mzinga.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Kwetu kitu cha mbao cha mviringo chenye ukubwa ule ni kimoja tu. Alikirusha mara tatu. Kila mara alikifuata polepole, akakiokota, akakipangusa kwa shati. Na siku ya kwanza nilipomwona, usiku wake mvua ilinyesha. Duara la majivu, kimya, kifuniko kinapanda mbinguni, mvua inashuka: mtoto gani asingeelewa? Nikajua Bruda ndiye anayetufungulia mvua, na kwamba wazungu nao wana wazee wao wa mambo hayo. Sikumwambia mtu. Nilijiona nimekabidhiwa siri kubwa, nikaitunza vizuri, kwa sababu kutunza siri ni kitu kimoja ambacho mtu mwenye haya hukifanya bila shida.

Jioni moja upepo ulikuwa mkali. Bruda alizunguka, akaachilia, na kifuniko kikapinda hewani, kikavuka ukingo wa kiwanja na kuzama kwenye miiba upande wa kule. Alikitafuta mpaka giza likaingia. Kesho yake akarudi akatafuta tena, ameinama, mikono imechanika. Siku ya tatu hakuja.

Siku ya nne mbuzi wangu mmoja aling'ang'ania kichaka fulani, nikaingia kumtoa, na hapo kifuniko kikawa kimelala, kimekwama kwenye shina kama kimetundikwa. Nilishangaa uzito wake. Upande mmoja ulikuwa laini mtupu. Upande wa pili, katikati, kulikuwa na kibati kidogo cha shaba chenye herufi mbili zimesokotana kama pembe za beberu.

Nisijitetee. Nilijua ni cha Bruda na nilijua hiyo ni alama. Lakini niliwaza kwa akili ya wakati ule kwamba wazungu hawakosi vifuniko, na guka hana hata kimoja.

Nilimpelekea. Nilikiweka mikononi mwake, upande laini ukiwa juu.

"Mke wangu," akasema polepole, na lile jina lilipotoka nilihisi kama nimekula kitu kitamu. "Hiki umekitoa wapi?"

"Miibani. Kule nyuma ya kiwanja."

Akakipapasa. Akapitisha kidole kwenye ukanda wa chuma, akaguna. "Chuma! Nyegere akija hapa ataacha meno yake yote, arudi kwake akanywe uji." Akacheka, mara ya kwanza tangu mzinga uvunjwe. Kisha kidole kikasimama. "Kina alama ya mtu?"

"Hakina."

"Upande wa pili?"

"Hakina, guka."

Hakukigeuza. Angekigeuza, vidole vyake vingejua yote. Lakini alisema, "Haya. Macho yangu ni wewe," akakilaza upande laini juu vilevile, akaniagiza nitie chuma motoni. Akatoboa matundu matatu pembeni, moshi ukapanda, na jioni hiyohiyo kijana wa jirani akapanda mgunga, akakipachika kwenye gogo, wakaziba kingo kwa samadi. Upande wenye alama uliingia ndani, gizani. Baada ya siku chache nyuki wakaja.

Guka alirudi kuwa guka. Aliniita mke wangu mpaka mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nakula bila kusikia ladha. Halafu mawingu yakaanza kuja na kupita. Watu walipanda, mbegu zikakaa chini zikisubiri. Bruda hakuchora duara tena, na mimi niliyejua siri nikahesabu vizuri: kifuniko cha mvua kiko kwenye mzinga wetu, na wa kulaumiwa ni mimi.

Ndipo asubuhi moja Mwalimu Mkuu akamleta Bruda darasani kwetu. Alikuwa amepungua, shati limemzidi. Alishika picha ya zamani, akaipitisha dawati hadi dawati. Kijana mmoja mwembamba, kaptula fupi, ameinama mkono umeenda nyuma, kama mwanamke anayekamua nguo mtoni. Na mkononi, kile kitu.

"Bruda, huyu ni wewe kweli?" akauliza Njeru, ambaye hakuogopa mtu. "Na nywele zilienda wapi?"

"Zilibaki Italia kulinda nyumba."

Darasa likacheka, na Bruda akaketi kwenye dawati la mbele, likalia chini yake, akatueleza. Kwao ni kijiji chini ya milima yenye theluji. Baba yake alikuwa fundi wa kereza, wa kuzungusha mbao kwenye mashine na kuzitia umbo: miguu ya vitanda, mabakuli, vijiti vya ngazi. Siku moja mtoto alitembelea mji wa jirani, akaona watu wakirusha kisahani, akarudi nyumbani akizunguka njia nzima mpaka akaanguka mtaroni. Kununua kisahani haikuwezekana. Baba akachukua kipande cha mzeituni alichokuwa amekiweka miaka mingi akingoja kazi inayokistahili, akakikereza, mhunzi akakivisha chuma, na baba akapigilia katikati alama ya karakana yake.

"Nilirushia malishoni, kando ya mto. Siku ya kwanza nikampiga ng'ombe wa jirani. Alikataa kutoa maziwa siku mbili. Baba akalipa kwa kiti."

Akakua. Akashinda wilaya yao, akashinda jeshini, akashinda nchi nzima. Wakamvisha shati la taifa, wakampeleka kwenye mashindano makubwa, yale ambako nchi zote hukutana. Baba yake alisafiri siku mbili kwa gari moshi kwenda kumwona.

"Mnajua sheria?" Akachukua chaki, akachora duara sakafuni. "Unazunguka humu ndani. Ukikanyaga nje, hata kidole, hakuna kitu. Na ukimaliza hutoki mbele kama mtu anayekimbilia sifa. Unasubiri kianguke, kisha unatokea nyuma. Nilikuwa na nafasi tatu. Ya kwanza nilipiga wavu wa kuwakinga watazamaji. Ya pili nikakanyaga mstari. Ya tatu..." Akautazama mkono wake. "Ya tatu niliachilia nikajua. Kisahani kilipaa, kikapita bendera zilizoonyesha walikofikia wakubwa wote. Sijawahi kurusha hivyo kabla wala baadaye. Nikasahau kila kitu, nikakifuata. Mguu mmoja, mbele, nje. Mwamuzi akainua bendera nyekundu. Kwenye karatasi, mbele ya jina langu, hawakuandika namba. Palibaki peupe."

Hata Njeru alikuwa akilitazama lile duara la chaki.

"Baba yangu alikuja akaniambia, 'Mimi nilikiona.' Basi. Tukapanda gari moshi."

Alirusha miaka mingine, bega likachoka. Akajifunza pampu, akaweka nadhiri, akaletwa kwetu, na kisahani kikaja chini ya sanduku. Kila jioni alikirusha mara tatu, akatokea nyuma ya duara. Baba yake alipozikwa yeye alikuwa huku, amelala chini ya pampu, barua ikachelewa. Sasa moyo wake ulikuwa unasumbua na daktari amesema arudi kwao. Angeondoka Jumapili ya pili kutoka siku ile.

"Nilitaka kukiweka kwenye kaburi la baba," akasema. "Sitafuti mwizi. Natafuta kisahani. Mtoto akikiona, aniambie tu."

Macho yake yalipita juu yetu sote. Yaliponifikia mimi, nilikuwa nasoma vidole vyangu.

Jioni hiyo nilifunga mbuzi mara mbili, nikafungua, nikafunga tena. Guka akasema kutoka mlangoni, "Mke wangu, hao mbuzi wamekukosea nini?"

Nikamwambia. Sikujua kama nimesema kwa sauti mpaka nilipoona uso wake umegeuka.

"Ulisema hakina alama."

"Nilisema."

"Nikakuuliza upande wa pili."

"Uliniuliza."

"Na mimi nikasema wewe ni macho yangu." Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alishika fimbo yake. "Nimefuga nyuki tangu sijaota ndevu. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwangu akasema, guka wa fulani, kitu changu kiko kwako. Nenda ulale. Kesho tunaenda."

Asubuhi alivaa koti la kanisani. Mimi nilibeba kibuyu cha asali ya mwisho na kumshika mkono, na njia nzima hakusema ila, "Jiwe?" nami nasema, "Jiwe," anavuka. Tulimkuta Bruda kwenye karakana ya misheni, anafunga vyuma vyake kwenye kreti.

Guka hakuketi. "Bruda, nimekuja kujishtaki. Kuna mzinga wangu unaofungwa kwa kitu chako. Nilipewa na macho yangu, na macho yangu yalinidanganya. Lakini mzinga ni wangu, kwa hivyo kosa ni langu."

Bruda alitutazama mmoja mmoja. Alipoelewa aliketi juu ya kreti na kufunika uso kwa ule mkono mnene. Nilidhani analia. Kisha akaniuliza, "Binti wa mbuzi, nilikuona kila siku kule vichakani. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Hapana. Kuongea."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeujua ugonjwa huo.

Tulienda mgungani watatu. Ilikuwa katikati ya asubuhi na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka, wana chavua miguuni ingawa sijui walikuwa wanaitoa wapi kwenye ukavu ule. Bruda alisimama chini, shingo nyuma, akatazama juu kisahani chake kimepachikwa kwenye gogo la mukau, kimepakwa samadi, kina matundu.

"Matatu? Kama nafasi zangu?" akauliza.

"Matatu," akasema guka. "Ndivyo tunavyotoboa."

Bruda akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti, mpaka akakohoa, na guka ambaye hakujua kilichochekesha akaanza kucheka pia kwa adabu. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nasubiri kupigwa na mbingu.

"Jioni tutawapulizia moshi," guka akasema walipotulia. "Tutakishusha. Utakipata leo."

"Na nyuki?"

"Watahama. Masega ya mbele yameshikana nacho, yatavunjika."

"Na watoto wao, walio ndani ya masega?"

"Hao hawana mabawa bado."

Bruda akaomba kitu cha kukanyagia. Gogo lilikuwa kwenye tawi la chini, tukamsogezea jiwe kubwa. Akapanda, akaweka sikio kwenye gogo, kwa mbali kidogo na mlango wao, akafumba macho. Nilimwona anakitaka. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe, vidole vikafunguka kwa ule upana wa kisahani, vikabaki hewani. Nyuki mmoja akatua kwenye kifundo chake, akatembea, akaruka. Mkono ukashuka.

"Baba yangu alitengeneza vitu vya kukaa kwenye nyumba za watu," akasema alipokuwa ameshuka. "Hiki peke yake hakikuwahi kukaa mahali. Kiacheni. Siku nyuki watakapohama kwa hiari yao, nitumieni."

"Lakini huwezi kwenda kwa baba yako mikono mitupu," akasema guka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekataa jambo. "Kitu chenye alama hurudi kwa mwenyewe. Kisiporudi, kinatumwa kingine kukishikia nafasi."

Zilibaki siku tisa. Guka alichagua kipande cha mukau kwa kukibisha na kukisikiliza, akatoa tezo lake nikalinoa, na akaanza kuchonga kifuniko bila kuona. Mimi nilikuwa nasema, "Kulia kidogo. Hapo pamezidi. Mkono, guka, mkono!" Alijikata mara mbili. Nilimfunga kwa kitambaa cha nyanya. Ulipofika wakati wa alama, alichonga ile ya ukoo wetu haraka, mistari mitatu na kitone, maana hiyo mkono wake ungeijua hata kaburini. Kisha akanipa kisu.

"Weka na yake."

"Mimi?"

"Nani aliyeiona? Mimi sijawahi kuiona."

Nilichonga zile herufi mbili, zimesokotana kama pembe, na zilitoka zimepinda. Guka alipitisha kidole juu yake mara nyingi, polepole, kama mtu anayesomewa barua.

Siku ya mwisho Bruda alichora duara la majivu, na safari hii shule nzima ilikuwa pembeni. Alirusha kifuniko cha guka mara moja. Kilikuwa chepesi mno, hakikuwa na chuma. Kilipaa, kikatikisika, kikageuka upande kama kanga aliyepigwa jiwe, kikaanguka karibu kabisa. Tulipiga makofi na kucheka, na Njeru akapiga kelele, "Bruda, rudi Italia kweli!" Bruda alisubiri kianguke. Akageuka, akatokea nyuma ya duara. Alipita karibu na mimi akasema, "Umeona? Hakuna bendera."

Aliondoka. Mvua ilikuja wiki tatu baadaye, bila duara, bila kifuniko, bila ruhusa ya mtu yeyote, na mimi nilisimama mlangoni nikiitazama, nikiwa nimefarijika, na tena, niseme ukweli, nimeudhika kidogo.

Baada ya miezi mingi ilikuja bahasha yenye picha. Guka aliishika chini juu. Nikaigeuza.

"Niambie," akasema.

"Ni kaburi. Jiwe jeupe, lina msalaba. Kuna theluji. Kifuniko chako kimeegemezwa kwenye jiwe."

"Kina alama?"

"Kina, guka. Zote mbili. Zinaonekana."

"Haya," akasema. Akaiweka picha mfukoni mwa koti la kanisani, na hakuniuliza upande wa pili.

Guka alizikwa na lile koti likizo ya Agosti iliyopita. Nyuki walikuwa wamehama kabla yake, kiangazi kiliwashinda. Mjomba aliposhusha mizinga, alipanga vifuniko kwenye nyasi, akakinyanyua hiki kilichotiwa weusi na nta, akauliza kama kina mwenyewe au kiende jikoni. Watu walikuwa wengi na mimi sipendi watu wengi. Nikasema, "Kina mwenyewe. Kina alama, upande wa ndani." Nikakwangua nta kwa kucha mbele yao wote mpaka shaba ikatokea.

Bruda bado yuko hai, kwao Italia, kwenye nyumba ya wamisionari wazee. Sista mmoja wa hapa Embu anasafiri kwenda huko na atapita kesho kukichukua. Anasema Bruda siku hizi husahau majina, lakini mikono bado haijasahau.

Leo baada ya masomo niliomba majivu jikoni. Mpishi akauliza ya nini, nikasema ya kuchora, akanipa kopo. Nilipigilia kijiti, nikafunga kamba, nikazunguka. Wale wasichana watatu walitoka bwenini wakasimama pembeni wamefunga mikono, wakanyamaza wenyewe. Ya kwanza iliniponyoka ikaenda kando. Ya pili nilikanyaga majivu, nikaona alama ya kiatu changu na sikujidanganya. Ya tatu nilizunguka, nikaachilia, na kisahani kikapita hewani kikivuma, kwa sababu ya yale matundu ya guka, kama nyuki mmoja mkubwa anayekwenda mbali. Nilitamani sana kukikimbilia. Nikasimama. Kikaanguka. Nikatokea nyuma.

Nimepima kwa hatua zangu, mara mbili, ili kuwa na uhakika. Nimekifunga kwenye kitambaa cha nyanya, na ndani yake nimeweka karatasi. Sikuandika mengi, nisije nikaandika kurasa kumi. Nimeandika hivi:

"Bruda, nyuki wamehama. Nimekirusha mara tatu kabla ya kukituma. Mara ya tatu ni hatua kumi na saba, na sikukanyaga mstari. Mahali palipobaki peupe mbele ya jina lako, andika hiyo. Mimi nilikiona."